Maswali ya Wasomaji: Mvumo wa Chumba chenye Zidaka

SWALI: Chumba chetu cha mawe hapa Lamu kina urefu wa mita 7, upana 2.5, kimo 3.5, na ukuta mmoja umejaa zidaka (vishubaka vya ukutani). Nitapataje masafa ya mvumo wake (idadi ya mitetemo kwa sekunde, kwa hezi) bila kuchora wavu wa kukigawa vipande vidogo? – Msomaji, Langoni

JIBU: Tawanya nukta ukutani, angalau 6 kwa urefu wa wimbi, na uzisonge zaidi kwenye zidaka. Nje ya kuta weka vyanzo bandia vya sauti, nusu ya idadi hiyo. Kwa kila masafa jenga matriki (jedwali la namba) ya kasi ya hewa kuelekea ukutani: kila nukta mstari wake, kila chanzo safu yake. Ukuta mgumu huitaka kasi hiyo iwe sifuri. Ongeza kwenye matriki mistari ya nukta za ndani ya chumba, la sivyo jibu la kimya kitupu litakudanganya. Igawanye matriki kwa QR (njia ya kuivunja iwe zao la matriki mbili, Q na R), chukua mistari ya ukutani ya Q, kisha rudia ukipandisha masafa kwa hatua za hezi 0.2. Thamani singula (kipimo cha ukubwa wa matriki) ya mistari hiyo iliyo ndogo kabisa ikichimba bonde, yaani ikishuka ghafla karibu na sifuri, hapo pana mvumo.

Umbali wa vyanzo ndio unaosumbua hasa. Vikiwa karibu mno, bonde huhama. Mbali mno, kompyuta hupoteza tarakimu. Tena visiangukie ndani ya kidaka jirani!

Jaribu kwanza bila zidaka: hewa ikiwa nyuzi 30, sauti huenda mita 349 kwa sekunde, na bonde la kwanza lazima litokee hezi 24.9.