Nani Anashika Ncha za Godoro Lako

Mwanangu,

Salamu kutoka Isyonje. Mvua haijakatika tangu Jumatatu, nguo naanika jikoni juu ya moto. Dada yako na watoto hawajambo.

Jumapili uliniuliza kwenye simu: "Mama, nimesali miezi mitano tangu wanipunguze kazini, sioni jibu. Ni imani yangu ndogo, au Mungu amenipita?" Nilisema nitakuandikia. Salio lilikuwa linaisha, kweli, lakini pia hilo neno la imani ndogo lilinichoma. Niliwahi kuambiwa mimi.

Ulikuwa darasa la tatu. Unazikumbuka zile mvua za El Nino, mwisho wa 1997 kuingia 1998? Viazi vikapigwa ukungu, majani yakawa meusi kama yamemwagiwa maji ya moto, na tulipochimba tukakuta uji unaonuka. Mbegu tulikuwa tumekopa. Februari baba yako akalala. Hayo unayajua. Usilolijua ni lililosemwa msibani. Mzee mmoja wa kanisa, simtaji, alikaa kwenye benchi nje ya jiko akasema, kwa sauti ya kunifikia, kwamba nyumba ikipigwa mara mbili kwa msimu mmoja, basi humo ndani imani imepungua. Nilikuwa chini kwenye mkeka, nimejifunika khanga. Sikujibu. Mpaka leo nikipalilia huwa namjibu. Nimemsamehe. Nadhani nimemsamehe. Alipougua nilimpelekea ndizi, na nilizichagua nzuri.

Tangu siku ile sala ilinikauka. Nafungua mdomo, neno haliji. Nikaanza kukwepa watu, ibadani siendi, mtu akibisha hodi nawatuma ninyi mseme sipo. Dada yako ameniambia nawe umeacha kwenda jumuiya huko Dar es Salaam, unaona haya. Ndiyo maana nakuandikia haya yote.

Pasaka ya mwaka ule iliangukia tarehe 12 Aprili. Unajua sisi Wamoraviani asubuhi ile tunaanzia makaburini, bado giza, kama walivyoanza wale wa Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, karne na nusu kabla wamishenari hawajafika Rungwe mwaka 1891. Sikutaka kwenda. Bibi yako alikuja, akanivisha koti la baba yako, akanishika mkono kama mtoto. Mchungaji akawataja waliolala tangu Pasaka iliyopita. Lilipofika jina la baba yako watu wakaanza kuimba, mimi meno yameumana. Bibi yako akaniinamia sikioni: "Wewe pumzika. Leo sehemu yako naimba mimi." Akaimba kwa ile sauti yake ya kukwaruza. Na aliyelala pale chini alikuwa mwanawe wa kumzaa! Jua likatoka upande wa Kitulo, nikalia kwa mara ya kwanza tangu mazishi.

Jumatano yake walikuja akina mama kumi na mmoja na majembe, kila mmoja na mbegu zake kwenye ndoo. Hakuna aliyehubiri. Walilima, wakala ndizi za mbalaga, wakaondoka.

Imani haibebwi na mtu mmoja. Nilikuambia ulipokwenda sekondari, nikakuambia siku ya harusi yako, na leo tena. Soma Marko sura ya pili. Yule aliyepooza alibebwa na watu wanne, wakatoboa dari wakamteremsha na godoro lake, na imeandikwa kwamba Yesu aliiona imani yao. Yao! Ya mgonjwa mwenyewe haikupimwa. Alikuwa amelala tu.

Najua utanijibu: na yule mzee wa kwenye benchi hakuwa mtu wa kanisa? Alikuwa. Na rafiki za Ayubu je? Hapo hunishindi kirahisi, ingawa nimelifikiria usiku kucha. Wale rafiki walikaa naye chini siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na siku hizo saba walifanya vema kabisa. Waliharibu walipofungua mdomo. Basi tafuta wanaojua kukaa. Si wote wanajua, nakubali.

Kwa hiyo sitakujibu kama imani yako ni ndogo. Nakuuliza mimi: nani anashika ncha za godoro lako? Mkeo anashika moja. Nyingine tatu?

Na lile la kurudi nyumbani ulime viazi, jibu ninalo, limekaa hapa kwenye ulimi. Shamba la baba yako lipo, na mimi peke yangu sasa nalima nusu tu. Lakini mkeo ana kazi huko, watoto wanasoma huko. Sisemi. Ukiniuliza mara ya pili nitashindwa kunyamaza, kwa hiyo usiniulize kabla hujazungumza na mkeo.

Jumatano nenda jumuiya. Kama sala haiji, kaa tu. Mimi naamka saa kumi na moja, kabla ya kukamua, nakuimbia sehemu yako.

Nimempa konda gunia la viazi. Kalipokee Ijumaa pale stendi ya Mbezi. Ni vingi kuliko nyumba yako. Debe moja mpelekee kiongozi wa jumuiya yenu, umpelekee mwenyewe, usimtume mtoto.

Mama yako