Shangazi aliponiuliza walikuwa wanakula nini

Nilimsomea shangazi yangu, mzaliwa wa Kilwa, sura ya kwanza ya riwaya yangu ya Vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani. Niliona nimemaliza kazi: Julai 1905, pamba iliyong'olewa na Wamatumbi kijijini Nandete, Kinjeketile Ngwale, mganga aliyegawa maji ya vita, kunyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Sasa mwanangu, hao watu walikuwa wanakula nini?"

Sikuwa na jibu.

Wewe unayetaka kuandika riwaya ya enzi za ukoloni, anzia hapo. Makaratasi ya Wajerumani yanahesabu askari na bunduki, na ndani yake vita vile vinaitwa maasi ya washenzi waliodanganywa na waganga. Ukiyafuata kama yalivyo, utayarudia maneno ya mtawala hata kama moyo wako uko kwa Wamatumbi. Tafuta pia masimulizi ya wazee, kama yale yaliyokusanywa na wanafunzi wa historia wa Dar es Salaam mwaka 1968.

Lililothibitika usiliguse. Pamba ya kulazimishwa, kodi, kiboko, ujira mdogo hata wengine wakaukataa: hayo yalitokea. Mimi niliwahi kumwacha Kinjeketile aishi mpaka 1906 kwa kuwa sura ilinoga. Nikaifuta. Msomaji akikukamata na tarehe moja ya uongo, hatakuamini utakapomsimulia njaa.

Na njaa ndiyo hasa inayodai kuandikwa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala kwa makusudi, na njaa ile ikaua watu wengi kuliko risasi. Kwenye makaratasi hao ni tarakimu tu. Mchukue mmoja, mpe jina, mpe mtoto mgongoni na ugomvi na wifi yake. Huyo ni wa kubuni, wala usione haya kusema hivyo; Ebrahim Hussein aliwaambia wazi wasomaji wa tamthilia yake ya 1969 kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe cha ubunifu.

Nilirudi kwa shangazi na sura mpya: mama porini, jua la mchana, anafukua viazi huku mtoto analia. Safari hii alinikatiza katikati.

"Viazi gani porini? Andika ming'oko."