Akinuna Yeye, Nanuna Mimi

Barua za wiki hii zimekaribiana kana kwamba waandishi wake walikaa meza moja.

Mume wangu ana duka la vipuri Kondele. Biashara ikienda vibaya najua kwa lango: anavyolibamiza tu, moyo wangu unaanza kwenda mbio. Hajanikosea, lakini akiingia nami nimeshakasirika. Kwa nini? – Mama watoto, Nyalenda, Kisumu

Mama, mwili wako umelisikia lango kabla akili haijauliza kuna nini. Tunaigana bila kukusudia: uso uliokunjwa, sauti, hata pumzi. Mwaka 1983 wanasaikolojia wa Marekani, Robert Levenson na John Gottman, waliwawekea mume na mke, jozi 30, vifaa vya kupima mapigo ya moyo na jasho, kisha wakawaacha wazungumzie jambo linalowagombanisha. Wale ambao mapigo na jasho lao vilipanda na kushuka pamoja ndio waliokuwa na raha kidogo zaidi katika ndoa. Na sisi husifu kwamba wapendanao moyo wao ni mmoja! Wakati wa ugomvi, heri iwe miwili.

Kwa hiyo usimpokee na "una nini tena?" Mpe maji ya kuoga, wewe endelea na sukuma wiki yako jikoni. Akishakaa, mwambie, "Leo lango limelia." Atacheka au atasema.

Lakini kama moyo unaenda mbio kwa kuogopa kipigo, hilo si suala la hisia kuambukizana. Piga 1195, simu ya msaada kwa wanaofanyiwa ukatili, ni bure.

Mchumba wangu akicheka nacheka, akinuna siku yangu imekwisha. Mimi nikihuzunika, yeye hata hajui. Mimi ni dhaifu? – Fundi simu, Pipeline, Nakuru

La. Mwaka 2003 wanasaikolojia Cameron Anderson, Dacher Keltner na Oliver John walionyesha kwamba hisia za wapenzi huzidi kufanana kadiri miezi inavyopita, na anayebadilika zaidi ni yule mwenye usemi mdogo katika maamuzi. Basi jiulize, kaka: nani huamua mtaonana lini? Nani huomba msamaha kwanza hata asipokosa? Ukijibu "mimi" mara zote, shida haiko kwenye moyo wako laini.

Tukikosana mimi hutoka, naenda kukaa stejini. Mke wangu anasema namdharau. – Mwendesha boda, Bungoma

Kutoka ni sawa. Gottman hushauri angalau dakika 20 ili mwili upoe. Kosa ni kutoka kimya, kisha kuwasimulia wenzako ugomvi wote stejini. Hapo hupoi, unajipasha moto upya. Sema, "Nipe nusu saa, narudi." Halafu urudi kweli.

Mtoto wetu alipofanyiwa upasuaji, bwanangu alinishika mkono saa nzima bila neno. Dada zangu wanasema hajali. – Kakamega

Mwaka 2006 mwanasaikolojia James Coan na wenzake waliwalaza wanawake 16 walioolewa kwenye mashine ya kupiga picha za ubongo, wakingojea kupigwa na umeme kidogo mguuni. Waliposhikwa mkono na waume zao, ubongo ulitulia kuliko waliposhikwa na mtu wasiyemjua. Neno halikuhitajika.

Na dada zako, saa hiyo nzima, walikuwa wamekaa wapi?