Kadi ya mlango ikipotea, utaifutaje? Anza na daftari

Mkuu uliyeuliza kuhusu mlango wa kadi kwenye nyumba yako ya vyumba 12, kwamba fundi kaondoka bila maelekezo na mpangaji mmoja kapoteza kadi: hilo la kadi limenikuta, kwa hiyo naanzia hapo.

Nilipokabidhiwa jengo kulisimamia, nilisajili kadi ishirini na kitu kwa dakika kumi. Vifaa vingi vya kusoma kadi mlangoni vinakuja na kadi mama, yaani kadi ya kusajilia nyingine. Unaigusisha, kinalia, unapitisha kadi mpya moja moja, unaigusisha tena, umemaliza. Nikazigawa kama karanga. Haikupita miezi miwili mama mmoja wa juu akaniita: "Kaka, kadi nimeiacha kwenye bajaji." Naenda kuifuta, nakuta kifaa kinataka kimoja kati ya vitatu: kadi yenyewe (iko kwenye bajaji), namba ya nafasi yake kwenye kumbukumbu ya kifaa (sikuandika), au namba iliyochapwa juu yake (sikunakili). Ikabidi nifute zote. Jumapili nzima nabisha hodi mlango kwa mlango kukusanya kadi, na wawili wamesafiri.

Kwa hiyo kabla hujagusa kifaa, chukua daftari la kawaida. Kila kadi iandikie mstari wake: chumba, jina, nafasi, na namba ya kwenye kadi. Halafu achana na kadi mama, sajili kwa vitufe ili nafasi uichague mwenyewe. Chumba cha 7, kadi ya kwanza iwe nafasi 71, ya pili 72. Kwenye kifaa changu ni nyota, namba ya siri ya fundi, reli. Kisha 1, nafasi, reli, gusisha kadi, reli. Kufuta ni 2, nafasi, reli. Chako kinaweza kutofautiana kidogo, ila mtindo ni huohuo.

Namba ya siri ya kiwandani mara nyingi ni 123456, 888888 au 999999. Kama fundi hakuibadilisha, jua kila anayefunga vifaa hivi mjini anaijua. Ibadilishe leo.

Usichanganywe na namba mbili juu ya kadi. Ikiandikwa 0001234567 na pembeni 018,54919, ni namba moja kwa sura mbili: zidisha 18 kwa 65536, jumlisha 54919, utapata 1234567. Mimi naandika zote mbili, maana kuna kifaa kinachotaka ile ndefu na kingine ile fupi.

Ukinunua kadi za ziada, nenda na moja ya zamani dukani. Kuna za mawimbi ya redio ya 125 kHz na za 13.56 MHz, hazisomani, na kwa macho zinafanana kabisa. Ukigusisha kadi mpya kifaa kikakaa kimya, hata mlio wa kukataa hakuna, usimlaumu fundi. Umeuziwa aina nyingine. Zile za 125 ni rahisi na ndizo zimejaa, lakini mtu mwenye kifaa kidogo cha kunakili anatoa kopi papo hapo. Kwa geti la nje mimi nisingeziweka.

Umeme nao. Kama kufuli ni la sumaku, ukikatika mlango unaachia. Kwa moto ni salama, watu wanatoka. Kwa usiku wa mgao ni kumkaribisha mwizi. Fungua boksi la umeme uangalie kama kuna betri ya volti 12. Yangu ilikuwepo ila waya mmoja ulikuwa unaning'inia, haukuwahi kuchomekwa tangu siku ya kwanza.

Kadi iliyopotea kwako sasa: zilizopo zikusanye kwanza zote mkononi, zipange kwa vyumba, ndipo ufute kila kitu na kusajili upya. Wapangaji waambie siku mbili kabla, na anayesafiri aiache kwa jirani.