Basi la shule saa 11:15 alfajiri: mtoto alale saa ngapi?

SWALI: Shangazi Muuguzi, shikamoo. Wa mwisho wangu ana miaka 8, basi linamchukua saa 11:15 alfajiri, kwa hiyo namwamsha saa 10:30. Anasinzia na mswaki mdomoni! Usiku halali mpaka tamthilia ya saa tatu iishe. Tena siku hizi anakoroma kama mtu mzima. Kaka yake, miaka 15, yuko kidato cha pili. Anatoka tuisheni saa mbili usiku, kisha ni simu hadi saa sita. Baba yao anasema ni uvivu tu.
Mama wawili, Mbagala

JIBU: Marahaba mwanangu. Hilo la kukoroma umelipitia juu juu, mimi naanza nalo. Mtoto akikoroma siku mbili tatu kwa sababu ya mafua, si neno. Lakini akikoroma kila usiku, akalala mdomo wazi, au pumzi ikakatika kidogo kisha akashtuka, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Mara nyingi ni nyama za nyuma ya pua au mafindofindo yaliyovimba yakabana njia ya hewa. Mtoto wa hivyo hata umlaze mapema vipi, ataamka amechoka. Mrekodi kwa simu akiwa usingizini, daktari aone mwenyewe.

Sasa hesabu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji masaa 9 hadi 12 ya usingizi. Ukirudi nyuma kutoka saa 10:30, hata hayo 9 yanamtaka awe amelala saa moja na nusu usiku. Foleni ya Mbagala naijua, kwa hiyo lenga saa mbili. Ale mapema, aoge, sare na begi vipangwe usiku uleule, chandarua kishushwe, hadithi moja, taa izimwe. Kila siku kwa mfuatano huohuo. Tamthilia itazameni nyie wakubwa, sauti chini. Kwenye basi asinzie, hakuna ubaya. Halafu waombe shule: anayechukuliwa wa kwanza asubuhi ashushwe wa kwanza jioni. Wazazi wengi hawaulizi kabisa.

Huyo wa kidato cha pili si mvivu, mwambie baba yake. Balehe inasogeza mbele saa ya mwili: melatonini, homoni inayoleta usingizi, inachelewa kutoka, hata kwa masaa mawili. Lakini bado anahitaji masaa 8 hadi 10. Simu inaongeza tatizo, ila mimi nalaumu tuisheni kwanza. Mtoto ameshinda darasani tangu asubuhi, kisha mnalipa hela ili asilale! Ihamishieni Jumamosi. Simu ichajiwe chumbani kwenu kuanzia saa tatu, na ya baba iwe hapohapo, la sivyo atawauliza swali mtakaloshindwa kulijibu. Chai ya rangi na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie mchana, kwa kuwa masaa matano baadaye karibu nusu ya kafeini bado iko mwilini.

Jumapili aongezewe saa moja au mbili tu. Akilala hadi adhuhuri, usiku huo usingizi hauji, na Jumatatu mnaanza upya. Ibada ya pili inamtosha.