Wanafunzi wangu wanaikimbia hisabati ya juu

SWALI
Assalamu alaykum, Mhariri. Ninafundisha hisabati katika sekondari ya Kiislamu iliyoko kijijini. Wanaochagua hisabati ya juu hawazidi watano kwa mwaka, na hata hao hukaa kimya kipindi kizima. Binti mmoja aliniambia kwamba somo hilo ni la wahandisi, halimhusu aliyekuja kutafuta elimu ya dini. Nifanyeje?

JIBU
Wa alaykumu salaam, Mwalimu. Tuanze na kauli ya binti huyo. Jina la aljebra limetokana na al-jabr, neno lililomo katika anwani ya kitabu alichokiandika al-Khwarizmi huko Baghdad katika karne ya 9, na sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu hesabu za mirathi. Hata hivyo, kusimuliwa historia hakutambakiza darasani. Atabaki akikokotoa mwenyewe.

Mpe mfano wa marehemu aliyeacha mke, mabinti wawili, baba na mama. Mke ana 1/8, mabinti wana 2/3 kwa pamoja, na kila mzazi ana 1/6. Waache wanafunzi watafute asili ya pamoja, yaani 24, kisha wajumlishe mafungu 3, 16, 4 na 4, na watakuta 27, maana yake mafungu yamezidi mali. Hapo usiseme neno. Waliosoma faraidhi, yaani elimu ya kugawa mirathi, wataikumbuka auli, kanuni ya kupunguza mafungu yanapozidi mali, ambayo huipandisha asili hadi 27, na fungu la mke likashuka kutoka 1/8 hadi 1/9. Sasa waulize kwa nini kila mrithi amepungukiwa kwa uwiano uleule, kisha wathibitishe jambo hilo kwa herufi badala ya tarakimu, kwani huko ndiko kuingia katika aljebra kwa mlango wanaoujua.

Kwa trigonometria, simikeni uwanjani kijiti cha mita 1. Ikiwa kivuli chake jua linapopinduka ni mita 0.2, wakati wa sala ya alasiri, kwa kauli ya wanazuoni walio wengi, huingia kivuli kikifika mita 1.2, na tanjenti ya pembe ya jua ni 1 kugawanya kwa 1.2, pembe ya takriban digrii 40. Kazi hiyo haihitaji maabara.

Kuhusu ukimya, naamini wanaogopa kukosea mbele ya wenzao. Lakini hao hao, kwenye darsa ya Kurani, husoma mmoja mmoja, husahihishwa papo hapo na kuendelea, wala hakuna anayeona haya. Uhamishie utaratibu huo ubaoni, wavulana na wasichana kwa zamu sawa, na anayekwama asirudishwe kuketi mpaka amalize mstari wake kwa msaada wa mwenzake.

Huenda pia ukagundua kwamba kinachowakwamisha ni sehemu na alama hasi walizozikosa madarasa ya chini. Zifundishe upya bila kuwalaumu. Yote haya yafanyike mapema, kabla ya msimu wa kuchagua masomo, kwa sababu mwanafunzi akishajiandikisha kwingine ni vigumu kumrudisha.