Kwa wanaotaka kazi ya kuainisha kazi za Wakenya

Juzi binti mmoja aliyemaliza digrii ya takwimu kaniandikia, anauliza afanyeje ili aingie kwenye kazi ya kuainisha kazi za watu katika takwimu za serikali. Najua wengi mnaosoma hapa mnaitamani kazi hiyo hiyo, basi namjibu hadharani.

Mimi nilianzia chini, kwenye kusimba majibu ya dodoso, yaani kulipa kila jibu namba yake. "Fundi." "Biashara." "Yuko benki." "Amejiajiri." Kila jibu linadai tarakimu nne kutoka ISCO-08, mfumo wa Shirika la Kazi Duniani wa kuainisha kazi, wenye makundi makuu 10 na makundi ya chini kabisa 436. Sasa huyo wa benki ni nani? Karani wa dirishani ni 4211, mlinzi wa mlangoni ni 5414. Na "amejiajiri" ni hali ya ajira, ina swali lake kando.

Nikaamua kwenda Gikomba, soko la mitumba la Nairobi. Kwenye kibanda kimoja cha suruali za mitumba, mmoja yuko kwenye cherehani anapunguza miguu, wa pili ana pasi ya makaa, wa tatu anafumua nyuzi kwa wembe kutwa nzima. Waulize kazi yao: wote mafundi. Nikabadilisha swali: jana, toka ufike mpaka ufunge, ulikuwa ukifanya nini hasa? Hapo majibu yakaachana. Mwenye pasi ni 9121, wafuaji na wapiga pasi kwa mkono. Wa cherehani yuko kundi kuu la 7, la mafundi.

Swali hilo nililiandikia mwongozo, pamoja na orodha ya kazi za mtaani: makanga 5112, boda boda 8321, mama mboga wa kibandani 5211, muuza chapati za kula papo hapo 5212. Ofisi niliyokuwa naifanyia ikasema hizo ni habari za vijiweni. Baadaye akaja mshauri kutoka nje, na orodha ile ile ikachapishwa. Ukurasa wa shukrani umejaa majina, langu halimo. Tuyaache hayo. (Nakala yangu yenye tarehe ninayo.)

Kwa hiyo, mdogo wangu, sikiliza. Isome ISCO-08 yote, hasa yale maelezo ya kazi zisizohesabiwa katika kila kundi. Wengi huishia kwenye jedwali. Usitishwe na cheti. Pale stejini Kayole kijana wa boda boda mwenye digrii ya uhasibu alishikilia tumwandike mhasibu. Nikaandika 8321 huku anaona, akanuna. Mfumo unaangalia kazi inayofanywa na ustadi ambao kazi hiyo inadai. Masomo yake yana safu yake. Ukimhurumia ukampa 2411, umeiambia serikali kwamba wahasibu wana kazi. Na nyinyi mnaotegemea programu iwasimbie, ilisheni "fundi" muone itawarudishia nini!

Tena acheni uvivu wa kutupa kila kigumu kwenye misimbo ya "wengineo". Kapu hilo likianza kufura, lifungue usome majibu moja moja, maana kazi mpya za mji huu hujificha humo.

Nenda mtaani, uliza watu wanafanya nini, rudi uulize tena. Na rasimu yako ukiiwasilisha, itume kwa barua pepe, uwawekee nakala watu wawili wasio wa idara hiyo.